Uzembe, kutojali, pupa au papara: uandike lipi?

Mpwa wangu ni dereva wa bodaboda. Kijiwe chake kipo Ngamiani, hapa Tanga mjini. Ramadhani iliyopita, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, alikuwa akitoka Pongwe amebeba mshikaki, abiria wawili kwenye pikipiki moja. Akalipita lori konani. Mbele akatokea mzee wa baiskeli. Alimkwepa, pikipiki ikaserereka, na msichana aliyekaa nyuma kabisa akavunjika mguu.

Mwenyekiti wa kijiwe akamwagiza aandike barua ya maelezo: nakala moja ibaki kijiweni, nyingine wapelekewe wazazi wa msichana. Kijana akaja kwangu na daftari.

"Shikamoo mjomba. Naomba uniangalizie hii barua."

"Marahaba. Lete."

Sentensi ya pili ilisema: "Ajali hiyo ilitokea kwa kudra ya Mungu na uzembe wangu." Kudra nikaiacha kwanza, nikaanza na uzembe. Nikamuuliza alizembea nini. Akafikiri, akasema breki alizitengeneza wiki ile ile, taa zilikuwa zinawaka, leseni anayo, matairi mapya. Hakuna alichozembea. Sasa kwa nini uandike uzembe? "Si ndivyo wanavyosema, mjomba?"

Ndivyo wanavyosema, kweli. Basi likipinduka, uzembe wa dereva. Moto ukiunguza duka, uzembe. Mtoto akizama, uzembe wa wazazi. Neno moja tumelitwisha mizigo ya maneno kumi, na mimi naona hasara yake ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa sababu anayetajiwa kosa lisilo lake hajirekebishi kwa lile lililo lake. Tulikaa na ile barua mpaka karibu na usiku wa manane. Haya ndiyo maneno tuliyoyapima, mawili mawili, na kwa nini tulichagua tulichochagua.

Uzembe na kutojali

Kwa asili yake mzembe ni mvivu, mtu asiyependa kazi. Kuzembea ni kuacha jambo lililokupasa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama neno hili linafaa, tafuta kitu kilichoachwa. Kama hukioni, neno silo.

Chukua ngalawa pale Sahare. Mwenyewe hakuikalafati tangu msimu uliopita, nyufa zimefunguka, na hajainama hata siku moja kuzitazama. Siku ikiingiza maji katikati ya safari, huo ni uzembe bila ubishi. Kazi ilikuwepo, haikufanywa, na hatari hakuiona kwa sababu hakwenda kuitazama.

Sasa chukua nahodha mwingine. Huyu chombo chake amekikalafati vizuri. Ni mwezi wa Julai, kusi limeshika, nje ya ghuba mawimbi yanavunja meupe, na vyombo vikubwa kuliko chake vimetia nanga. Yeye anatazama, anaona, anatweka tanga. Anajua ana vijana watatu ndani na wawili kati yao hawajui kuogelea. Anasema, liwalo na liwe. Huyu si mzembe hata kidogo. Pengine ndiye mchapakazi kuliko wote pwani nzima. Alichonacho ni kutojali, na ukimwita mzembe atakukatalia kwa haki, akuoneshe mikono yake ilivyoota sugu.

Swali linalotenganisha maneno haya mawili ni fupi: aliiona hatari? Mzembe kwa kawaida hakuiona, na kosa lake ni kwamba ilimpasa kutazama. Asiyejali aliiona, akaipita.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imebeba watu wengi mno kupita uwezo wake. Sisi watu wa Tanga Pemba ni ng'ambo yetu, na msiba ule uliingia nyumba nyingi za huku. Nakumbuka watu wakisema uzembe, uzembe. Mimi lilinikaa vibaya tangu siku ile. Kujaza chombo si jambo linalosahaulika. Kila anayepanda anaonekana kwa macho, mmoja baada ya mwingine, na chombo kinazidi kukaa chini majini huku watu wakitazama.

Tofauti hii inazidi kuwa na uzito tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sheria tulizozirithi zina ngazi. Kuna kukosa uangalifu, na kuna kufanya tendo la hatari huku ukijua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapoeleza nia ovu ya kuua, inamhusisha pia mtu aliyejua kwamba tendo lake huenda likaua, hata kama hakujali kifo kitokee au kisitokee. Huko juu kabisa ya ngazi ndiko kutojali kunakoweza kufika. Mfasiri anayeziandika ngazi zote kwa neno moja, uzembe, ameiondoa ngazi na kumwacha hakimu na mshtakiwa wote chini.

Hata hivyo sitaficha kasoro ya neno kutojali. Ni jepesi. "Usijali" tunaambiana kila siku kwa kufarijiana. "Hanijali" ni malalamiko ya mapenzi. Ukiandika peke yake, "dereva alikuwa na hali ya kutojali," msomaji hasikii damu. Dawa yake ni kulitwisha neno hilo mzigo wake: kutojali maisha ya abiria, kutojali kama mtoto atakanyagwa. Likisimama bila kitu cha kujaliwa nyuma yake, linayeyuka.

Pupa na papara

Haya ni ndugu, na watu huyachanganya mno. Lakini pupa inatoka kwenye kutaka, papara inatoka kwenye saa.

Mwenye pupa ana sinia ya pilau mbele yake na anakula kama vile litaondolewa. Anataka kingi, anataka sasa. Wazee walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na methali hiyo inahusu tamaa zaidi kuliko mwendo. Mwenye papara anaweza asitake kitu chochote cha ziada. Yeye anaogopa kuchelewa tu. Anavaa shati upande, anasahau funguo, anatia gia huku mlango haujafungwa. Pupa unaweza kuiona kwa mtu aliyetulia kabisa, anayepiga hesabu. Papara haiwezi kutulia.

Nilipomuuliza mpwa wangu kwa nini alibeba mshikaki, alisema yule abiria wa pili alimkuta njiani, na siku ile pesa ilikuwa ngumu. Hiyo ni pupa, ingawa ni pupa ya mtu mwenye shida na sikumlaumu sana. Nilipomuuliza kwa nini alilipita lori, alisema futari. Mama yake alikuwa amepika mihogo ya nazi na yeye hakutaka adhana imkute barabarani. Hiyo ni papara. Siku moja, safari moja, maneno mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake. Papara ya futari inatibika kwa kubeba tende mfukoni. Pupa ya nauli ya pili haitibiki kwa tende.

Haraka nayo isilaumiwe bure. Haraka yenyewe haina dhambi. Anayempeleka mzazi Bombo hospitali usiku anatakiwa awe na haraka. Tazama methali ilivyosemwa: haraka haraka ndiyo isiyo na baraka, ikiwa imerudiwa mara mbili.

Karibu na hapo kuna kukurupuka, neno ninalolipenda kwa sababu lina picha ndani yake. Mtu anakurupuka usingizini, anakimbia kabla hajajua anakimbia nini. Linafaa kwa maamuzi kuliko kwa mwendo: amekurupuka kununua kiwanja, wamekurupuka kumfukuza mwalimu. Na harara ni joto la damu, hasira inayowaka kabla ya fikra. Dereva anayemfukuzia mwenzake kwa sababu alimpigia honi ana harara. Mpwa wangu hakuwa na hasira na mtu, tukaliondoa.

Ujasiri na ujahili

Hapa ndipo vijana wengi wanaponaswa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani yetu iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Nilikua nikisikia mshindo ule asubuhi, bahari ikiwa shwari, na kioo cha dirisha kikitikisika. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza waziwazi. Vijana wa rika langu waliwatazama wale wavuvi kwa macho ya kusifu. Mtu anashika chupa mkononi, utambi unawaka, anahesabu, anarusha. Ukichelewa nukta chache mkono hauna. Wapo waliopoteza viganja, na bado wenzao walirudi majini kesho yake. Tulisema wana moyo. Tulisema majasiri.

Nilichelewa kuelewa kwamba tulikuwa tukiwapa sifa isiyo yao. Mshindo ule unapasua vibofu vya hewa ndani ya samaki, na wengi huzama chini wasiokotwe na mtu. Matumbawe yaliyomea kwa miongo na miongo yanageuka kokoto kwa dakika moja, na samaki wadogo wanakosa pa kujificha. Anayelipa ni jirani mwenye mshipi na dema, aliyekuwa akivua mwamba ule ule tangu kwa baba yake. Na yule mpiga baruti alijua yote hayo. Miamba iliyokufa aliiona kwa macho yake kila alipozamia kuokota.

Kwa hiyo kipimo changu cha kutofautisha ni hiki: hatari inamwangukia nani? Jasiri anaijua hatari, anaibeba yeye, na anaibeba kwa ajili ya jambo lenye thamani yake. Anayejitosa majini kumwokoa mtoto ni jasiri hata kama ameshindwa. Anayewapakia wengine hatari yake bila idhini yao hawezi kuitwa hivyo, awe na moyo mgumu kiasi gani. Msichana aliyevunjika mguu hakuulizwa kama lori lipitwe.

Ujahili je? Neno hili lina sura mbili. Jahili ni asiyejua, na jahili pia ni mkatili. Zamani nililiona kama kasoro, siku hizi naliona kama hekima, maana mtu akizidi kukataa kujua, mwisho wake ni ukatili. Lakini kwa maandishi ya siku hizi ni neno la kutumia kwa uangalifu. Msomaji mmoja atasikia "hakusoma," mwingine atasikia "muuaji." Kama unachotaka kusema ni kwamba mtu hakujua, andika hakujua.

Ushupavu uweke upande wa sifa, ila kumbuka unatoka kwenye kushupaa, kuwa mgumu, na zamani mshupavu aliweza kuwa mbishi tu. Kuna ile methali ya kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wazee hawakuisema kusifu woga. Waliisema kwa kijana mwenye misuli ambaye hajawahi kuzika rafiki.

Ukaidi na ujeuri

Ukaidi hauwi ukaidi mpaka awepo aliyekuonya. Bila onyo, neno halifai. Nahodha wangu wa Julai, kama wenzake walimwambia asitoke naye akatoka, ameongeza ukaidi juu ya kutojali. Ujeuri unahitaji mtu unayemdharau. Mpwa wangu hakuonywa na mtu, wala hakumdharau yeyote. Tukapita.

Purukushani na kujipurukusha

Purukushani leo kila mtu anajua ni vurugu: purukushani ya polisi na wamachinga, purukushani golini. Lakini katika kamusi za zamani purukushani ilikuwa tabia ya kutotia jambo maanani, na pia mtu mwenye tabia hiyo. Maana hiyo imekaribia kufa, na ninaisikitikia, kwa sababu hakuna neno jingine lililoshika vizuri kiasi kile mtu anayetikisa mabega na kwenda zake. Ukiliandika leo kwa maana ya kale utaeleweka vibaya, kwa hiyo siwezi kukushauri ulitumie. Kitenzi chake ndicho bado kizima. Kujipurukusha ni kujifanya hukusikia, hukuona. Ofisa anayeletewa barua tatu kuhusu shimo la barabarani na hajibu hata moja, anajipurukusha. Liokoeni neno hili, jamani, lingali linafanya kazi.

Maneno ya kijiweni

Vijana wana hazina yao, na si ya kudharauliwa. Bora liende na liwalo na liwe hutamkwa kwa pumzi moja, lakini si sawa. Bora liende ni ya fundi asiyejali ubora: ukuta umepinda, yeye anapaka rangi. Anayeathirika ni kazi. Liwalo na liwe ni ya mtu aliyekwisha kuona shimo na kuamua kuruka. Potelea mbali ina uchungu au hasira ndani yake, ni ya mtu aliyechoka. Kujilipua ni kuweka kila ulicho nacho kwenye jambo moja, na mara nyingi anayejilipua anajiumiza mwenyewe: kaacha kazi, kakopa, kafungua duka.

Na kuna kujitoa ufahamu. Nikiambiwa nichague msemo mmoja tu wa Kiswahili unaoeleza jambo hili zima, nitachagua huo. Ufahamu ulikuwepo. Haukunyang'anywa na mtu, wala haukukosekana kama kwa mtoto. Mwenyewe aliutoa, akauweka kando, akatenda. Sijaona kamusi iliyoeleza vizuri zaidi.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo, naye akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile, akauliza kama aandike, "Nilijitoa ufahamu." Nikamkataza. Kijiweni sawa, tena ndilo neno la kuwaambia wenzake. Lakini mama ambaye binti yake amelala na plasta hadi pajani hatakiwi kuletewa msemo ambao vijana huusema huku wakicheka.

Kudra

Tukairudia kudra mwisho. Yeye aliiandika kwa adabu, si kwa ujanja. Amelelewa hivyo, na mimi pia. Lakini ajali haina kinga, kudra ya Mungu, bahati mbaya, haya ni maneno ya aliyeumia kuyatoa. Yakitoka kwa baba wa msichana, ni msamaha. Yakitoka kwa aliyeumiza, yanakuwa mlango wa nyuma. Mtume alimwambia yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Kijana akaikata kudra kwa kalamu nyekundu bila mimi kusema zaidi.

Kilichobaki kilikuwa sentensi yenyewe. Uzembe ulikuwa umetoka. Papara ilikuwa ya kweli lakini ilisikika kama kisingizio cha saumu. Kutojali kulikuwa kweli zaidi kuliko vyote, lakini kama nilivyosema, kwenye karatasi kunaelea. Ndipo nikaona kwamba tulikuwa tukisaka jina wakati Kiswahili kinapendelea kitenzi. Mengi ya majina haya yanaanza na u- au ku-, na yote yanamwacha mtendaji nyuma ya pazia. "Uzembe ulitokea." Nani? Kitenzi hakikuruhusu kujificha. Kinabeba ni- mbele yake.

Tukaandika: "Nilijua kubeba abiria wawili ni hatari, nikabeba. Niliona kwamba ni kona, nikalipita lori. Nilikuwa nawahi futari. Binti yenu hakunituma kufanya lolote kati ya haya."

Aliinakili mara mbili kwa mwandiko mzuri. Kesho yake alikwenda na mama yake, dada yangu, wakapokelewa ukumbini, baba wa msichana akaisoma kimya, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa kanzu. Habari za gharama za hospitali zilizungumzwa na wakubwa na zilikubaliwa.

Ile nakala ya kijiweni ilikuwa na safari yake. Pale kijiweni kwao kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya buluu: EPUKA UZEMBE. Kimekaa hapo miaka, na sidhani kama kuna dereva aliyekuwa bado anakiona. Nilipopita wiki iliyofuata kwenda sokoni, kilikuwa kimepakwa rangi upya, na mwenyekiti ameandika kwa mkono wake, herufi zikipanda na kushuka: USIBEBE MSHIKAKI. USIPITE GARI KONANI. BEBA TENDE.